Mkono Nilioinua Kwenye Kona ya Tatu

Niliinua mkono. Jambo hili nimelikana kwa miaka minne: mbele ya kamati, mbele ya mzee aliyenifundisha kupiga picha, na mara kadhaa mbele ya kioo cha bafuni, ambacho hakikuwa kimeniuliza chochote. Nilisema mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye kamera. Haikuwa kweli. Mmoja ulikuwa hewani, kiganja wazi, kwa muda wa sekunde moja hivi. Katika mbio za pikipiki sekunde moja ni muda mrefu mno.

Mtu atauliza mwanamke wa umri wangu, mwenye digrii ya Kiswahili na magoti yanayotabiri mvua, alikuwa akitafuta nini uwanjani. Nilifundisha katika shule moja ya upande wa Karurumo hadi subira iliponiishia, kisha nikastaafu mapema nikaanza kuandikia gazeti makala. Makala moja ilihusu uwanja wa mbio ulioko kwenye nyanda kavu za Embu: mzunguko wa udongo mwekundu uliozungushiwa kamba na matairi makuukuu, ambapo asubuhi hushindana pikipiki na alasiri magari ya zamani yaliyong'olewa vioo. Mhariri akataka picha. Nikampelekea kumi na mbili. Akanipigia akaniuliza, kwa upole sana, kama mbio zenyewe zilikuwa zimeahirishwa, maana alichokiona yeye ni barabara tupu.

Niliona haya, na mimi nikiona haya hujiandikisha masomo. Nikaenda mjini Embu kwa mzee mmoja mwenye studio ya picha za vitambulisho, ile ya pazia la buluu na stuli isiyotulia. Niliambiwa kwamba ujanani mwake alifuata magari ya mashindano kila yalipopita upande huu. Akazipitia picha zangu moja moja, miwani ikiwa kwenye paji la uso.

"Hii ni nini?"

"Pikipiki."

"Iko wapi?"

"Imepita."

"Kwa hivyo umenipigia picha mahali pikipiki ilikuwa. Mwalimu, hiyo ni historia. Mimi hapa naweka picha."

Mzee huyo alikulia Mitunguu, kwenye migomba ya kumwagiliwa, na kila alichojua kuhusu kamera alikieleza kwa mpira wa maji. Alinisimamisha nyuma ya studio, miguu ikielekea mahali nilipotaka picha itokee, kisha akaniambia nizungushe kiuno peke yake. Kikamate chombo kikiwa mbali. Kifuate. Kikifika mbele yako, bonyeza polepole huku ukiendelea kugeuka. "Ukimwagilia migomba, mkono unasimama ukifika kwa mgomba? Hausimami. Maji yanapita, mgomba unapata wake, unaendelea. Wewe ukibonyeza unakata. Usikate."

Usikate. Alilisema neno hilo hadi nikaliota.

Kilichonisumbua zaidi kilikuwa kwamba kitu cha kasi kinadai jicho la polepole. Mimi nilidhani kamera inapaswa kufumba na kufumbua haraka kuliko chochote kinachopita. Ukifanya hivyo, kila kitu kinaganda, na pikipiki inaonekana imeegeshwa, mwenyewe ameingia dukani kununua mkate. Inabidi uliache jicho wazi kidogo na ugeuke sawasawa na pikipiki, ili yenyewe itulie na dunia nyuma yake ipakazike kama rangi mbichi iliyofutwa kwa kiganja. Ukigeuka mbele yake au nyuma yake hata kidogo, vyote vinapakazika. Nilipakaza vyote kwa miezi mitano.

Nilianza na kuku wa mke wake. Kisha nikahamia kando ya barabara kuu karibu na Runyenjes, kuvizia pikapu za miraa, vile vijiti vya kutafuna, zinazoshuka kutoka Laare. Madereva wake wanajua jambo moja tu, kwamba mzigo unanyauka, na hakuna chombo katika kaunti mbili hizi kinachopita haraka kuliko wao. Lakini walipoona mwanamke mzima kajibanza kwenye kichaka na kamera, walidhani natoka serikalini kupima mwendo. Wakapunguza. Picha zangu za kwanza zilizonyooka zilikuwa za pikapu zikitembea kwa heshima, kana kwamba zinafuata jeneza. Dereva mmoja alisimama kabisa, akashuka, akavua kofia, akaniita mama, akaniomba tuelewane. Nilipomweleza kwamba najifunza kupiga picha alinitazama kwa huzuni kubwa kuliko pale alipodhani nitamshtaki.

Kijana nitakayemzungumzia hapa naye aliishi Laare wakati huo, ingawa mimi nilimjua zamani, Karurumo. Kijana ni mazoea ya mwalimu kusema; alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto wawili. Nilimfundisha miaka minne. Siku za kazi alibeba miraa kwa pikipiki kutoka mashambani hadi kwa wapakiaji, kwenye njia za milima ya Nyambene ambazo ni mawe na utelezi, na ndiko alikojifunza kuendesha. Siku za mbio alikuja uwanjani na pikipiki hiyohiyo, amefungua taa na vioo vya pembeni, na aliwashinda wenye pikipiki za kuagiza. Hakuwa mtu wa maneno. Darasani vilevile alikaa dirishani na kujibu alipoulizwa.

Sasa nieleze kosa langu la kwanza, lililotangulia lile la uwanjani kwa miaka mingi. Chuoni nilifundishwa na mama mmoja wa pwani aliyetusikia watu wa bara tukiongea akasema tunakisema Kiswahili kama tunagombana nacho. Nilimwamini. Nilirudi kwetu nimeapa kwamba wanafunzi wangu hawatapita mbele yangu na "niaje" ya mitaani. Huku kwetu watu wanasalimiana nyumbani kwa Kiembu au Kimeru, na shikamoo ni neno la kitabuni. Mimi nikalifanya sheria ya lango la shule. Shikamoo, marahaba. Mimi nikikusalimu, unajibu. Ukiwa mbali usipaze sauti kama mchunga mbuzi, inua mkono, lakini ujibu. Aliyepita bila kujibu alirudishwa langoni akapite upya, hata mara tatu, wenzake wakimcheka. Kijana huyo nilimrudisha mara moja tu, kidato cha kwanza. Alikuwa amebeba ndoo mbili za maji. Nilimwambia aweke ndoo chini.

Hakupita tena bila kujibu. Hata baada ya kumaliza shule, tukikutana sokoni au barabarani, alikuwa akiachilia mkono mmoja wa pikipiki na kuuinua. Nilijivunia jambo hilo. Niliwahi hata kuliandika katika makala.

Siku yenyewe ilikuwa ya Julai, ya mawingu mazito yasiyonyesha. Vumbi halikuwa na mahali pa kwenda. Lilining'inia usawa wa kifua. Kabla ya mbio, msimamizi alitukusanya wapiga picha, watatu kwa jumla, akatuambia kile anachotuambia kila mara: msimwite mpanda pikipiki, msimpungie. Uwanjani kuinua mkono ni kazi ya wasimamizi wa kona peke yao. Tuliitikia. Mimi niliitikia kwa sauti kuliko wenzangu, kwa sababu ya mazoea ya kazi.

Nilisimama kona ya tatu. Alipita mzunguko wa kwanza, nikampakaza. Wa pili, nikampakaza. Wa tatu, nilipata gurudumu la nyuma tu, zuri sana, kama mtu anahitaji gurudumu. Mzee wa studio alikuwa ameniambia siku iliyotangulia kwamba hata nikifaulu, nitakuwa nimepiga picha ya kofia ngumu. "Picha bila macho ni ya kofia, Mwalimu. Mpate akikuangalia." Nafikiri alisema hivyo kunipa jambo la kutamani miaka ijayo. Mimi nilitaka siku hiyohiyo.

Mzunguko wa nne, wa mwisho, alikuwa nafasi ya pili, karibu na aliyeongoza, na mmoja akimfuata nyuma mita chache. Nilimkamata mbali, nikaanza kugeuka. Nilijua nikimwita hatasikia. Mkono wa kulia ukabaki kwenye kamera. Wa kushoto nikauinua, kiganja wazi, kama pale langoni.

Akageuza kichwa. Nikarudisha mkono kwa haraka, kidole kikabonyeza mapema, picha ya kwanza ikachukua vidole vyangu vyeusi vikipita mbele ya lenzi. Kisha ya pili. Kiuno kiligeuka sawasawa, na kwa mara ya kwanza maishani sikukata. Niliendelea kugeuka naye, kamera jichoni, hadi nilipoona kwamba hakuna tena pikipiki ndani ya kile kidirisha, kuna vumbi tu, na watu wakipiga kelele.

Gurudumu la mbele liligonga shimo wakati mkono mmoja uko juu. Alianguka, na aliyekuwa nyuma yake hakuwa na pa kupitia. Alimpitia juu ya mkono wa kushoto.

Jioni, kabla sijajua kama yu hai, nilitazama ile picha. Naandika hivi kwa sababu nimejiahidi kutojitetea. Ilikuwa imenyooka kabisa. Matope makavu kwenye buti yangeweza kuhesabiwa, miti ya nyuma imekuwa mistari, na ndani ya kofia macho mawili yamenitazama moja kwa moja. Mkono wa kushoto umeinuliwa, vidole vimetanuka. Nilifurahi. Ilikuwa furaha fupi, lakini nilifurahi kwanza ndipo nikaogopa. Kisha nikaifuta ile ya vidole vyangu.

Kamati ilikaa wiki mbili baadaye, kwenye chumba cha nyuma cha bucha ya mwenyekiti wa uwanja, ambaye ni mchinjaji mwenye sauti ya mnadani na si mtu mbaya. Kijana alikaa kwenye benchi, mkono ukiwa kwenye plasta hadi begani. Picha yangu ilikuwa mezani, maana mhariri alikuwa ameichapisha, na kila mtu katika eneo alikuwa ameiona.

"Huyu anapungia nani?" mwenyekiti akauliza. "Wasichana? Mkiwa wa pili mnataka kupigiwa makofi kama mmekuwa wa kwanza?"

Watu wakacheka.

"Kuna mtu alimwita pale kona ya tatu?"

Msimamizi wa kona akasema yeye alikuwa akiangalia upande wa pili. Wakanigeukia.

"Mwalimu?"

"Mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye kamera," nikasema, kwa Kiswahili sanifu.

Mwenyekiti akamuuliza kijana kama ana la kusema. Alinitazama. Kisha akatazama plasta yake. "Sina," akasema.

Wakamfungia uwanja maisha, kwa maringo yaliyohatarisha wenzake. Kwa mtu ambaye jina lake lote lilikuwa kwenye uwanja ule, hukumu hiyo ilikuwa kubwa kuliko mkono. Mwenyekiti akaikuza picha, akaitia fremu, akaitundika buchani juu ya mizani, na chini yake akaandika kwa rangi nyekundu: HUYU ALIKUWA AKIRINGA. Kwa miaka minne watu wa Runyenjes wamengoja nyama yao wakiitazama picha yangu bora kuliko zote. Jina la Laare likawa msemo wa vijana: mtu akiendesha pikipiki kwa mkono mmoja anaambiwa, "Wewe, usitufanyie Laare hapa." Mkono wake haukunyooka. Vidole havifumbiki vya kutosha kubana klachi. Nilisikia kwamba anakaa kibandani kwa wapakiaji wa miraa, akilowesha majani ya migomba ya kufungia, kazi ambayo hufanywa na wazee.

Mimi niliendelea kupiga picha. Nilikuwa nimejua sasa, na kitu ukishakijua kiunoni hakikutoki. Nilinunua nyama kwingine.

Mwaka huu mwenyekiti alinitumia ujumbe. Uwanja unatengeneza bango kubwa la msimu mpya, la kutundikwa barabarani, na wanataka picha ile ya buchani kama onyo. Nimtumie ile ya asili, yenye ukubwa wake wote.

Nilipeleka kadi ya kamera kwa mzee wa studio kwa sababu kompyuta yangu iligoma kuisoma, au labda kwa sababu nilitaka mtu aone. Macho yake yamefifia siku hizi. Anasogeza uso hadi karibu na kioo cha kompyuta. Alipitisha picha za siku ile polepole, akinisomea namba zake kama anayeita mahudhurio.

"Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na nne." Akasimama. "Kumi na tatu iko wapi?"

"Ilikuwa mbaya."

"Zote hizi ni mbaya, Mwalimu. Hii ya gurudumu umeiweka. Hii ya vumbi umeiweka. Kumi na tatu ilikosa nini?"

Niliitazama ile stuli. Hakuuliza tena. Alitoa kadi, akaifungia ndani ya karatasi kama mtu anayefunga dawa, akanipa. "Nilikuambia umpate akikuangalia," akasema. "Sikukuambia umwite." Kisha akamwita mteja aliyekuwa akingoja pazia la buluu.

Kesho yake nilikwenda buchani. Palikuwa na foleni ya Jumamosi. Nilingoja zamu yangu nikiwa nimeinamisha kichwa, kama mtu aliyeingia kanisani akiwa amechelewa, na ilipofika nikasema pale pale, mbele ya watu na maini.

"Hakuwa akiringa. Niliinua mkono mimi. Nilimsalimia, akajibu."

Mwenyekiti aliweka kisu chini. "Mwalimu, leo ndio unasema?"

"Leo."

"Miaka minne?"

"Ndiyo."

Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Ai!" kwa namna ambayo sitaisahau. Mwenyekiti akafuta mikono kwa aproni, akatazama picha, akanitazama mimi. "Lakini yeye mwenyewe aliulizwa. Alikuwa na mdomo. Unajua vijana, pengine hata hakukuona, alikuwa anapungia wale wasichana walioketi kwenye matairi ya kona. Sasa wewe unataka kujibebesha tu." Akafikiri kidogo. "Mimi siwezi kubadilisha neno la kamati kwa neno lako peke yako. Tena ulishatupa lingine. Nitamuuliza yeye. Akisema ni salamu, ni salamu. Akisema aliringa, bango linaenda."

Nikatoka bila nyama. Nami nikiri hili pia, maadamu nimeanza: njia nzima hadi nyumbani nilikuwa nikiomba aseme aliringa. Aseme hakuniona. Kulikuwa kweli na wasichana kwenye matairi; niliwakumbuka mmoja mmoja, hata rangi za sweta zao, kwa uaminifu ambao sijawahi kuupa kitu kingine chochote cha siku ile. Nilijiambia kwamba mwanamume wa miaka thelathini, mwenye mbio za kushinda, hawezi kuachilia pikipiki kwenye kona kwa sababu ya mwalimu wake wa shule. Nilitaka kuamini kwamba nilimfundisha vibaya, kwamba alisahau, kama wanavyosahau ngeli.

Siku mbili simu haikulia. Siku ya tatu alasiri, nikiwa natandaza maharagwe uani chini ya mawingu yaleyale ya Julai, ikalia kwa namba nisiyoijua. Nyuma yake kulikuwa na kelele za soko, watu wakibishana kwa Kimeru, pikipiki zikipita.

"Shikamoo Mwalimu."

Nikasimama, maharagwe mkononi. Akangoja. Kisha akarudia, taratibu, kama mtu aliyerudishwa langoni.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba," nikasema.

"Mwenyekiti amenipigia. Anasema umesema."

"Nimesema."

"Sawa."

"Kwa nini hukusema wewe? Siku ile. Alikuuliza."

Pikipiki ikapita karibu naye, akangoja iishe. "Ulikuwa umeshasema mikono yako iko kwenye kamera. Sasa mimi ningesimama niseme aje? Mwalimu anadanganya? Mbele ya watu?"

Nilikaa juu ya gunia. Maharagwe yakamwagika, nikayaacha. Nilikuwa na swali moja, na nililiuliza nikijua kwamba bado nalitumia kutafuta mlango wa kutokea.

"Ulikuwa kwenye kona," nikasema. "Kuna mtu nyuma yako. Ulijua kuna shimo, ulikuwa umelipita mara tatu. Kwa nini uliachilia mkono?"

Nilisikia katika sauti yake kwamba swali lenyewe lilimshangaza.

"Si ulinisalimia, Mwalimu," akasema. "Ningefanyaje?"